Rivyuu: Ulinzi shirikishi wa mtaani kwetu Mbagala, elfu tano kwa mwezi, nimelipa karibu miaka mitatu

Mimi nina duka la rejareja na uwakala wa pesa za simu huku Mbagala, na hii huduma ya ulinzi shirikishi, yaani kaya tunachanga na kulipa vijana wa kuzunguka mtaa usiku, nimeilipia tangu inaanza mwishoni mwa 2022, sijaruka mwezi hata mmoja, kwa hiyo ninachoandika hapa nimekiona kwa macho, sijasimuliwa. Na kipimo changu ni kimoja tu, saa ninayofunga duka. Mwaka 2022 nilikuwa nafunga saa kumi na mbili na nusu jioni, giza halijaingia vizuri mi nishapiga kufuli. Leo nafunga saa nne usiku. Asiye na biashara anaweza kuona hayo ni masaa tu, ila watu wa huku wanatoka kazini Kariakoo na Posta, wanashuka Rangi Tatu kuanzia saa moja mpaka saa tatu, ndo muda wanaonunua unga, mafuta ya kupima, umeme wa luku, ndo muda wanaotuma hela kwa wazazi kijijini. Ukifunga kabla hawajarudi umefunga nusu ya mauzo. Uhalifu mimi nimeuona kwenye daftari la mauzo kabla sijauona barabarani.

Nilichokuwa natumia kabla ya hapo nacho nikiseme maana mtu akitaka kununua usalama kuna vitu vingi anauziwa. Nilianza na nondo. Madirisha nondo, mlango geti la chuma, juu ya ukuta nikapanga vipande vya chupa kama kila mtu. Hela yote ile ikaenda kwa fundi wa kuchomelea na bado wakaingia kwa kutoboa tofali nyuma ya stoo, tofali zetu hizi za kufyatua mchanga mwingi saruji kidogo, wakachukua mchele, sabuni, na simu ya uwakala. Nikahamia kwenye kampuni ya ulinzi, siitaji jina, ya kitufe cha dharura, unabonyeza wanakuja na gari. Nilibonyeza mara moja tu maishani mwangu, walifika baada ya dakika hamsini, wezi walishaondoka na mimi nilishamaliza kulia. Baadaye wakaniletea mlinzi wa kukaa usiku. Kijana mstaarabu sana, kila jioni "shikamoo mama", namjibu, nampa chai. Wiki ya pili nikamuuliza mwanangu wanakulipa vizuri, akasema mama huu mwezi wa pili sijapata mshahara. Nilikosa usingizi usiku ule na wala sababu haikuwa yeye kuonekana mwizi. Nilikuwa nawaza, mtu unampa rungu, unamkeshesha mlangoni pa duka lenye pesa za watu, kwake watoto hawajala, alafu unasema umeweka ulinzi. Nikavunja mkataba.

Sasa mnakumbuka 2022 ilivyokuwa. Petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita. Watu wanaongelea bei ya petroli kama habari ya wenye magari, lakini njooni mkae kwenye duka langu muone inavyotembea. Kuna kijana jirani alikuwa na pikipiki ya mkataba, ile unalipa kidogokidogo mpaka iwe yako, kila siku anatakiwa apeleke hesabu kwa tajiri yake, iwe mvua iwe jua. Mafuta yalivyopanda abiria hawakukubali nauli ipande kwa kiwango kilekile, wengi wakaamua kutembea kwa miguu, kijana hesabu haitimii, leo pungufu elfu mbili, kesho elfu tatu, wiki ya tatu tajiri kaja kachukua pikipiki yake. Miezi saba ya mkataba imepotea hivyohivyo. Nilimuona asubuhi yake amekaa kijiweni pale kwenye kibanda cha kuchaji simu, kofia ya pikipiki bado kaishika mkononi. Yeye hakuwa mwizi na mpaka leo si mwizi. Ila pale kijiweni alikuta wenzake kumi, wengine wamemaliza kidato cha nne wamepata ziro, wengine walikuwa wabeba mizigo, na kijiwe chenye watu kumi wasio na pa kwenda asubuhi hakihitaji wezi kumi, anahitajika mmoja tu mwenye wazo.

Septemba ile ndo panya road, yale magenge ya vijana, wakavamia nyumba za watu Kawe wakamuua binti mwanafunzi wa chuo, jiji zima likaingiwa hofu. Polisi wakafanya operesheni, wakatangaza kuuawa kwa watuhumiwa, mtaani watu wakashangilia. Mimi sikushangilia, nitasema ukweli wangu. Nililia kwa ajili ya yule binti na niliogopa kwa ajili ya watoto wa mtaani kwetu, maana ukisikia umri wa hao panya road ni watoto wa umri wa kuwa darasani. Na shule zetu za msingi huku zinasoma kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana, watoto ni wengi kuliko madarasa. Serikali ilianza elimu bila malipo 2016 na ni jambo jema sana, waliokuwa nyumbani wakaingia darasani, ila mtoto anayesoma nusu siku hiyo nusu nyingine anakuwa wapi kama mama yuko sokoni na baba yuko saiti? Wenye bahati wanaenda madrasa, au kwaya, au uwanjani kwenye ndondo. Nyie wenye dharau na ndondo mjue yule kocha asiyelipwa mwenye filimbi na mpira mmoja uliochanika anashika watoto thelathini kila jioni kwenye yale masaa mabaya kabisa. Uwanja wa mtaa wa jirani uliuzwa ukajengwa fremu, na wenyeji wa kule wenyewe wanakwambia vibaka waliongezeka baada ya hapo.

Basi ndo mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano tuanzishe ulinzi shirikishi, kila kaya elfu tano kwa mwezi. Wazee wakakumbushia mambo ya zamani na mimi niliyapenda yale maongezi kuliko ajenda yenyewe. Mzee mmoja Msukuma wa Kahama akasimulia sungusungu ya kwao walivyoanza mwanzoni mwa miaka ya 80, baada ya vita ya Kagera silaha zimezagaa, uchumi umeanguka, duka halina sukari wala sabuni, ng'ombe wanaibiwa kila wiki na polisi wako mbali. Watu wakajikusanya wenyewe na pinde na mishale na filimbi. Akasema kilichowaumiza wezi zaidi ya mshale ni kutengwa, kijiji kizima hakuna anayekusalimia, hakuna anayekupa moto, hakuna wa kukuzikia, mtu anarudisha ng'ombe mwenyewe. Serikali ikaja kuwatambua kisheria 1989. Lakini huyohuyo mzee hakuficha upande wa pili, akasema walipiga watu wasio na hatia, na kule kwao vikongwe wenye macho mekundu waliitwa wachawi wakapata mateso ambayo mpaka leo anaona aibu kuyasema. Alivyosema hivyo ukumbi ulinyamaza.

Mama mwingine akaongelea mabalozi wa nyumba kumi, yaani kila nyumba kumi na kiongozi wao. Enzi za TANU na baadaye CCM, mgeni akilala kwako balozi anajua kesho yake. Vyama vingi vilivyokuja 1992 balozi akabaki wa chama, sasa mimi wa chama kingine nitapelekaje shida yangu kwake, na mpangaji aliyehamia jana hata hamjui. Wakenya walikuja kuchukua jina hilohilo la Nyumba Kumi 2013 baada ya shambulio la kigaidi la Westgate Nairobi, sisi tuliokuwa nalo tumeliacha linakufa. Mbagala ninayoishi mimi ukuta kwa ukuta mtu anakaa miaka miwili hajui jina la jirani. Umaskini tulikuwa nao hata nilipokuwa mdogo kijijini, tena mkali kuliko huu, na milango tulikuwa tunafunga kwa kamba ya katani. Njaa ilikuwepo ila kila kijana alikuwa na mtu wa kumuuliza umetoka wapi usiku huu.

Sasa huduma yenyewe. Miezi mitano ya kwanza ilikuwa mbaya, na nisingeandika chochote kizuri kama ingebaki vile. Vijana waliochukuliwa walitoka mtaa mwingine, jamaa wa mjumbe mmoja wa kamati, hawatujui hatuwajui. Risiti hamna. Ukichelewa kulipa wanakugongea geti saa nane usiku na rungu. Walimpiga mtoto wa mpangaji wangu aliyekuwa anatoka kibaruani kiwandani zamu ya usiku, walimvunja kidole, kosa lake hakuwa na kitambulisho. Polisi walishasema tangu enzi za polisi jamii ya Said Mwema alipokuwa IGP, mkuu wa polisi, kwamba mwananchi akimkamata mtu ampeleke kituoni, hana ruhusa ya kutoa adhabu, ila usiku saa nane hiyo semina nani anaikumbuka. Na wezi hawakupungua. Watu watatu mtaani walikabwa, mmoja wao fundi cherehani, alinyang'anywa simu na kitenge cha mteja ambacho ilibidi akilipe yeye.

Tulikuja kukaa tena Aprili 2023, mkutano mrefu, watu wamekasirika, nusura uvunjike. Kilichobadilisha mambo ni wazo la kocha wa ndondo. Akasema vijana wa kulinda mnao hapa kijiweni, hao mnaowaogopa. Wanajua kila uchochoro, wanajua nani mgeni, wanajua hata nani ananunua mali za wizi. Kelele zilizopigwa sitazisahau. Mzee mmoja akasema mnampa fisi bucha. Kocha akamjibu kwa heshima kabisa, mzee wangu, hawa mnaowaita fisi ni watoto wenu, nyie mmewazaa na mimi ninao kila jioni uwanjani, nitawadhamini kwa jina langu. Na akaandika jina lake kwenye karatasi, mbele ya watu.

Wakachukuliwa wanane. Yule wa pikipiki alikuwa mmoja wao. Tukakubaliana wanalipwa kila Jumamosi jioni, hadharani pale ofisi ya mtaa, si mwisho wa mwezi na si kwa mkono wa mtu mmoja. Daftari likawekwa, anayelipa anaandikwa anapewa risiti, na makusanyo yanabandikwa ukutani. Wana tochi, filimbi, fulana za kung'aa, rungu wanabeba wawili tu wanaoongoza zamu. Wanaanza saa tatu usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiari yao wakaongeza kitu ambacho hatukuwaomba, wanasindikiza akinamama wanaowahi Feri kununua samaki saa tisa usiku mpaka barabarani kwenye gari. Hicho kitu kimoja tu kwangu kina thamani ya hiyo elfu tano.

Ila mlinzi analinda usiku, mchana anakula nini? Posho ile haitoshi mtu kuishi, na hapa ndo kundi letu lilipopata akili. Wale wanane wakapewa na kazi ya kuzoa taka mchana kwa mkokoteni, kila nyumba inatoa mia tano kwa kiroba, hela yao. Wakajisajili kikundi wakisubiri ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, bahati mbaya ilisimamishwa mwezi uleule tuliokaa, Aprili 2023, mpaka 2024 ndo ikarudi. Wakasubiri mwaka mzima na zaidi. Wawili walikata tamaa wakaondoka, mmoja yuko gereza la mkoa mwingine sasa hivi kwa kesi ya kuvunja duka, na kila nikimkumbuka naumia maana alikuwa mpole kuliko wote na nilikuwa namkopesha mkate. Mkopo ulivyotoka waliobaki wakanunua bajaji ya mizigo, sasa wanazoa taka za mitaa miwili.

Mimi si mtafiti, naongea nilichokiona dukani. Tangu katikati ya 2023 stoo yangu haijaguswa. Kukabana kwenye kile kichochoro cha nyuma ya msikiti kumeisha kabisa maana taa imewekwa na vijana ndo kituo chao. Wizi mdogomdogo upo, nguo kwenye kamba, ndoo, sufuria iliyoachwa nje, kuku. Mkubwa umepungua mpaka watu wamesahau, na wakisahau ndo wanaanza kulalamika kulipa.

Jambo jingine lililosaidia sana wala halikutoka kwenye elfu tano yetu. Kuna kijana alikuwa teja, mtu wa madawa ya kulevya, kila mtu anamjua, taa za nje, mita za maji, koki, mifuniko ya chemba, vyote vilikuwa vinapita kwake kwenda kwenye mizani ya vyuma chakavu. Walinzi wa mwanzo walimpiga mara tatu, na mara zote tatu alirudi kuiba wiki hiyohiyo, maana arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, haiogopi rungu. Hawa wa sasa, mmoja alisoma naye, akampeleka kliniki ya methadone, dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, hospitali ya Temeke. Ile kliniki ipo tangu 2014, Muhimbili walitangulia 2011, dawa ni bure, unakunywa palepale mbele ya nesi kila siku asubuhi. Miezi ya mwanzo shida ilikuwa nauli, kila siku kwenda na kurudi, mtu hana hata mia. Wale vijana wakawa wanamchangia nauli kutoka hela ya taka. Leo ni mwaka wa pili anakunywa dawa, amenenepa, anabeba maji kwa mkokoteni, na kwangu ananunua sukari kwa hela yake, anaiweka mezani taratibu kama mtu anayehesabu kila sarafu. Koki za nje mtaani kwetu zimebaki ukutani. Na mwenye mizani ya chuma chakavu tulimfuata kistaarabu, mwenyekiti, kocha na akinamama watatu, tukamwambia usinunue mfuniko wala mita bila barua ya ofisi ya mtaa. Mwizi akikosa pa kuuzia anapoteza hamu haraka sana, sielewi kwa nini hili watu hulisahau wanakimbilia kuongeza urefu wa ukuta.

Nikiwapa nyota nawapa nne kati ya tano, na hiyo moja wasiipate mpaka warekebishe haya. La kwanza, mpangaji wa chumba kimoja analipa elfu tano sawasawa na mwenye fremu sita barabarani. Hiyo si haki. Mama anayeuza vitumbua akinyimwa ulinzi au akitukanwa kwa elfu tano wakati mwenye gorofa anasema nitalipa mwezi ujao, tunajenga chuki ileile tunayosema tunaizuia. Nimelipeleka kwenye kikao mara mbili.

La pili, wezi hawakufa, wengine wamehamia mtaa wa pili kule bondeni ambako hawana hela ya kuchangia. Dada yangu anakaa huko. Mwezi uliopita wamemvunjia, wamechukua cherehani na jiko la gesi. Mtaa wetu umelala salama, wake umelala macho, na katikati yetu kuna mtaro tu. Nataka vijana wetu waruhusiwe kuvuka, na wa kule nao wachukuliwe vijana wao, hata kama sisi tutawachangia mwanzoni.

La tatu ni la ndani ya nyumba. Filimbi inapigwa mwanamke akikabwa barabarani, akipigwa na mumewe chumbani walinzi wanapita na tochi wanasema hayo ya ndani. Nilimuuliza kiongozi wa zamu, akaniambia mama tunaogopa kuingilia ndoa za watu. Nikamwambia mwanangu, damu ni damu. Polisi wana madawati ya jinsia na watoto, basi angalau wafundishwe kumpeleka mtu huko usiku uleule, bodaboda ya dharura ilipwe na mfuko. Wamekubali ila bado sijaona.

Na bado kuna hatari ya watu wenyewe. Februari hii walimkamata kijana na simu mbili saa sita usiku, kabla hata hawajamuuliza jina watu walishatoka na matofali, mmoja kaja na tairi. Wale vijana sita walimzunguka wakashikana mikono mpaka difenda ya polisi ikafika. Mmoja alipigwa tofali la bega na jirani yetu wenyewe. Kesho yake ikajulikana simu ni zake na za mdogo wake, alikuwa anatoka kuzipeleka kwa fundi. Nimeona bega la yule kijana lilivyovimba. Hospitali alijilipia mwenyewe, mfuko haukutoa hata shilingi, na hilo mimi nimelisema mbele ya kamati kwamba ni aibu yetu, mpaka sasa nasubiri jibu.

Kwa mnaotaka kuanzisha kwenu, zingatieni mambo mawili matatu mapema. Malipo yawe ya wiki. Makusanyo yabandikwe. Walinzi watoke hapohapo na wawe na mdhamini mwenye jina, na majina yao yapelekwe kituoni wajulikane. Msinunue marungu kwanza, nunueni viatu, maana masika hii vijana wetu wamelinda na kandambili kwenye maji ya matope mpaka magoti, na hizo buti tulizoahidi tangu mwaka jana bado hazijanunuliwa. Jumapili hii kuna kikao, ajenda ni viwango vya wapangaji, bili ya bega, na hizo buti. Mimi naenda na daftari langu la mauzo.